Wizi Usio na Mwenye Mali

Steshenari iko hatua chache kutoka geti la chuo, katikati ya muuza chipsi na fundi simu. Ina mashine mbili za fotokopi, moja mbovu, na kompyuta mpakato iliyojaa stika za timu za mpira. Ukutani pamebandikwa karatasi ya herufi kubwa: TUNACHAPA, TUNABAINDI, TUNAPUNGUZA ASILIMIA. Nilikuwa nimeingia kutoa kopi ya kitambulisho. Mbele yangu alisimama binti wa mwaka wa tatu, flashi mkononi, uso wa mtu anayesubiri majibu ya maabara.

"Dada, ile ya kunakili imeshuka, uko kumi na moja," kijana wa steshenari akamwambia. "Shida ni hii ya pili, ya AI. Inakusoma hamsini na nane."

"Kaka, hiyo sura ya nne nimeandika mwenyewe. Data nimekusanya mwenyewe Kilosa."

"Mimi nakuamini. Mashine ndiyo haijakuamini. Nikushushie?"

Akamtajia bei. Sikujua binti aliamua nini, maana kopi yangu ilikuwa tayari na foleni nyuma yangu ilikuwa inaguna. Lakini nilitoka na neno lile "ya pili" likinizunguka kichwani. Wengi wetu tumeingiza mashine mbili katika jina moja. Tunasema "kazi imepitishwa kwenye mashine", kana kwamba mashine inayokamata aliyenakili ndiyo hiyo hiyo inayokamata aliyeandikiwa na akili unde (wengine husema akili mnemba, wengine akili bandia, na mtaani wote husema AI). Ni vitu viwili, na tofauti yake ndiyo inayoamua nani anapewa shahada na nani anaitwa kwenye kamati ya nidhamu.

Tuanze na mashine kongwe. Turnitin, jina lililozoeleka kuliko mengine vyuoni, ilianzishwa mwaka 1998 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Mwaka 2019 kampuni ya Advance Publications iliinunua kwa takriban dola bilioni 1.75. Nikiulizwa, nitasema kilichonunuliwa hasa ni ghala: kurasa za intaneti zisizohesabika, makala za majarida, na kazi za wanafunzi zilizowahi kupitishwa humo zikabaki humo.

Kazi yako ikifika, programu ya namna hii haiisomi kama unavyosoma wewe. Inaikatakata. Chukua sentensi hii: "Mji mkubwa wa kale uliojengwa pwani ulivutia wafanyabiashara wengi." Kwa kisu cha maneno matano matano, kipande cha kwanza ni "mji mkubwa wa kale uliojengwa", cha pili "mkubwa wa kale uliojengwa pwani", na kuendelea hivyo neno kwa neno hadi mwisho, jumla vipande vitano. Kila kipande kinageuzwa namba, mfano wa alama ya kidole, na namba hiyo inatafutwa ghalani. Alama nyingi zikigongana mfululizo, sentensi yako inapakwa rangi.

Sasa jifanye mwizi, badili neno moja tu. Badala ya "mji" andika "jiji". Unapata: "Jiji kubwa la kale lililojengwa pwani lilivutia wafanyabiashara wengi." Umegusa nomino moja, na upatanisho wa ngeli umekubadilishia mengine manne bila kutoa jasho. Katika vipande vile vitano hakuna hata kimoja kilichosalimika. Anayenakili kwa Kiingereza akibadili nomino, vivumishi na vitenzi vinabaki vilivyokuwa. Anayenakili kwa Kiswahili ana sarufi nzima inayomfanyia kazi. Programu za sasa zimeongezewa ujanja wa kuona mbali kidogo kuliko kisu hicho, lakini msingi wake ni huu. Na aliyetafsiri makala nzima kutoka lugha nyingine hata haja ya kuhangaika na ngeli hana.

Pamoja na udhaifu huo, mashine kongwe ina jambo moja la heshima: inaonyesha. Ukibonyeza sentensi yenye rangi, chanzo kinafunguka pembeni. Mwalimu anakiona, mwanafunzi anakiona, wanaweza kubishana juu ya kitu kilicho mezani. "Dokta, hiyo ni nukuu, nimeweka alama." "Sawa, na hii aya ya chini?" Hapo kimya kinaingia. Ni kama kesi ya kuku barazani: mwenye kuku amekuja, kuku ana uzi mwekundu mguuni, na uzi huo mwenyewe aliufunga. Wizi una mwenye mali, na mwenye mali amesimama.

Maandishi ya akili unde hayana mwenye mali wa namna hiyo. Soma maneno haya, umalizie: "Mwalimu aliingia darasani akiwa ameshika..." Umeshajaza. Chaki. Au fimbo, kutegemea ulisoma shule gani. Wengine watasema kitabu, wengine daftari la mahudhurio, na mmoja katika maelfu atasema bata. Hivyo ndivyo programu kama ChatGPT inavyoandika. Imepitishwa kwenye maandishi mengi mno, ikajifunza baada ya maneno haya ni lipi huelekea kufuata na kwa uzito gani. Inachagua moja, inarudi kuchagua lingine, na katika kuchagua inarusha kidogo kete ya bahati. Ndiyo maana ukiiuliza swali lile lile asubuhi na jioni utapata insha mbili tofauti. Peleka insha hizo kwenye ghala la Turnitin, utaambiwa asilimia tatu, pengine nne, za misemo ya kawaida iliyogongana na ya watu wengine. Na kwa swali iliyoulizwa, mashine imejibu kweli. Haikuona kilichonakiliwa kwa sababu hakipo.

Jirani zetu Kenya walilijua hili kabla ChatGPT haijazaliwa. Kwa miaka mingi vijana wasomi, wengi wakiwa Nairobi, waliishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao, tasnifu zao, hata majibu yao ya mijadala ya darasani. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, akikutana nao. Watu wa kazi hiyo hawakuwa na hofu ya kipimo cha kunakili. Insha iliandikwa upya kila mara, na mtu mwenye akili timamu na digrii yake kabatini, na ilipita safi. Uongo haukuwa ndani ya sentensi hata moja; ulikuwa kwenye jina lililoandikwa juu ya ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kwanza ndio ambao mashine haikuuliza. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza likaamua kuifanya biashara ya kuuza insha za aina hiyo kuwa kosa la jinai nchini England. Novemba ya mwaka huo huo ChatGPT ikafunguliwa kwa umma, na wateja wakaanza kupata mwandishi wa bure.

Basi vyuo vikataka mashine ya pili, nazo zikaja haraka. Januari 2023 mwanafunzi wa Princeton aitwaye Edward Tian alitoa GPTZero. Turnitin ikaongeza kigunduzi chake tarehe 4 Aprili mwaka huo. Hawa hawatafuti chanzo ghalani. Wengine wanapima jinsi maneno yako yanavyoshangaza: ukiandika "chaki" kila panapotarajiwa chaki, unaelekea kuwa mashine, ukitupia bata, unaelekea kuwa mtu. Wanaangalia pia kama sentensi zako zina urefu wa kupanda na kushuka au zinatembea kwa gwaride. Wengine wamefunzwa kwa kuonyeshwa mafungu mawili, la watu na la mashine, hadi wakajua kubahatisha fungu. Nasema kubahatisha bila dharau. Hata daktari mzuri anayeangalia macho ya mgonjwa anabahatisha. Tofauti ni kwamba daktari baadaye anatuma damu maabara. Hapa maabara hakuna. Ukibonyeza ile hamsini na nane, hakifunguki chanzo chochote pembeni. Kuna sentensi zilizopakwa rangi na namba, basi.

Waliotengeneza ChatGPT wenyewe, OpenAI, walijaribu. Tarehe 31 Januari 2023 walitoa kigunduzi wakaeleza wazi kwamba katika majaribio yao ya Kiingereza kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na asilimia 9 ya maandishi ya watu kiliyasingizia. Julai mwaka huo huo wakakiondoa, wakitaja usahihi wake mdogo. Tuzipeleke namba hizo darasani. Una wanafunzi 100, na 20 kati yao wameandikiwa na AI. Kigunduzi kitakamata watano. Katika wale 80 waliokesha na daftari zao, kitasingizia saba. Benchi la watuhumiwa lina watu kumi na wawili, na wengi wao hawana kosa.

Mtu atasema hizo ni enzi za mwanzo. Ni kweli vigunduzi vimeboreshwa, na baadhi vikipewa insha iliyotoka ChatGPT bila kuguswa huipata mara nyingi. Lakini watafiti wakiongozwa na Debora Weber-Wulff, waliopima programu 14 mwaka 2023, hawakukuta hata moja iliyofikisha usahihi wa asilimia 80, na zilizidi kuyumba pale maandishi ya mashine yalipopindwapindwa kidogo. Na nani siku hizi anapeleka kazi bila kuipinda?

Mimi kinachonikera zaidi ni upande wa pili, wa wanaosingiziwa. Waliosoma shule ya msingi Tanzania wanakumbuka barua ya kirafiki. Anwani juu kulia, tarehe, "Kwa mpendwa", kisha: salamu nyingi zikufikie popote ulipo, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako, ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulisha... Nchi nzima iliandika barua moja. Mwalimu alitoa alama kwa kadiri ulivyofuata mtindo, na aliyetia bata alikatwa. Ipitishe barua ile kwenye kipimo cha mshangao: haina mshangao hata chembe, kila neno linajulikana kabla halijafika. Ingekuwa inapimwa leo, babu zetu wote ni roboti.

Na si barua tu. Mwaka 2023 watu walipoingiza Katiba ya Marekani kwenye baadhi ya vigunduzi, waliambiwa imeandikwa na AI. Watu waliiandika Philadelphia mwaka 1787, lakini programu zimeipitia mara nyingi mno kiasi kwamba kila neno lake linatabirika kama chaki mkononi mwa mwalimu. Maandishi rasmi yanayofuata kanuni yana hatari hiyo, na tasnifu ni maandishi rasmi yanayofuata kanuni. Sura ya nne ya yule binti bila shaka ilikuwa na "Jedwali hapo juu linaonyesha kwamba wengi wa waliohojiwa..." kwa Kiingereza chake, mara kumi na tano, kwa sababu hivyo ndivyo msimamizi alivyomwelekeza.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 katika jarida la Patterns jaribio ambalo lingepaswa kubandikwa mlangoni pa kila kamati ya nidhamu. Walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani, wakazipitisha kwenye vigunduzi saba. Watoto wa Marekani walipita karibu wote. Insha za TOEFL, kwa wastani asilimia 61.3 ziliitwa za mashine. Insha 89 kati ya 91 zilishikwa na angalau kigunduzi kimoja. Sababu si fumbo. Mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno aliyo na hakika nayo. Hajaribu bata. Anashika chaki kwa mikono miwili.

Kisha watafiti wakafanya kitu cha kuchekesha na kusikitisha. Waliiambia ChatGPT izipambe insha zile zile, iziongezee misamiati ya mzawa wa lugha. Wastani wa kusingiziwa ukaporomoka hadi asilimia 11.6. Yaani mtu aliyeandika kwa mkono wake alionekana mtu baada ya mashine kumwandikia. Nikarudi kichwani hadi steshenari. Kijana alikuwa anajua kazi yake. "Nikushushie" maana yake ilikuwa hiyo: sura aliyoandika binti mwenyewe ipitishwe kwenye programu ya AI ili isionekane ya AI, na alipe.

Mtoto wa Tanzania amesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kidato cha kwanza akapokelewa na Kiingereza mlangoni, na akifika chuoni anatakiwa kuandika tasnifu kwa lugha hiyo. Katika kundi la wale 91 angekaa bila kuuliza njia.

Namba yenyewe nayo inasomwa vibaya. Hamsini na nane haimaanishi kuna uwezekano wa asilimia 58 kwamba umedanganya. Kwa Turnitin ni kiasi cha maandishi ambacho programu inadhani kimetoka kwa AI, na ikiwa juu ya sifuri lakini chini ya 20 kampuni yenyewe huficha tarakimu na kuweka kinyota, kwa kuwa hapo makosa huongezeka. Kampuni ilisema inasingizia chini ya asilimia moja ya kazi. Inasikika ndogo. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilipiga hesabu: mwaka 2022 kilipitisha kazi 75,000, asilimia moja yake ni kazi 750. Agosti 2023 kikazima kigunduzi. Barani kwetu, Chuo Kikuu cha Cape Town kilitangaza kuachana na alama za AI za Turnitin kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025. Kipimo cha kunakili ni jambo jingine. Mjadala ulikuwa juu ya ile "ya pili".

Kuna njia inayotia moyo wahandisi: alama ya siri inayofumwa ndani ya maandishi yanapozaliwa. Programu inapokuwa na hiari kati ya "pia", "vilevile" na "aidha", inaelemea upande fulani kwa kanuni anayoijua mwenye ufunguo. Katika aya ndefu maelemeo hayo yanakuwa kama saini. Google DeepMind walieleza mfumo wao wa SynthID katika jarida la Nature, Oktoba 2024. Ni kazi nzuri, lakini inamtambua tu anayekubali kujitia alama, na tafsiri huisuguasugua alama hiyo hadi ififie. Mwanafunzi aliyeagiza kwa Kiingereza akageuza kwa Kiswahili ameshaipoteza.

Wanaoandika tasnifu zao kwa Kiswahili, kama wanavyofanya wengi wa taaluma ya Kiswahili, wako sehemu ya ajabu. Kigunduzi cha Turnitin kilianza na Kiingereza, Kihispania kikafuata 2024 na Kijapani 2025. Kwa Kiswahili mwalimu amebaki na pua yake. Pua hiyo wakati mwingine inafanya kazi: ukikutana na "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi" mara tatu katika kurasa mbili, harufu ipo. "Mwisho wa siku" siwezi kuitaja kama ushahidi, maana tumeshaipokea wenyewe redioni. Lakini pua nayo isitukuzwe. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kiliingiza kwa siri majibu ya AI katika mitihani ya saikolojia ya kufanyia nyumbani, na matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha asilimia 94 yalipita bila msahihishaji kushtuka.

Rafiki yangu mhadhiri ameacha kufungua ripoti ya pili. Anachapisha tasnifu, anaisoma kwa kalamu nyekundu kama alivyosomewa yeye, kisha anamwita mwenye nayo ofisini. Anamketisha na kumuuliza vitu vya kijinga. Ulifika kijijini kwa usafiri gani? Nani alikukatalia kujaza dodoso, na alisemaje? Kwa nini waliohojiwa ni 84 na siyo 85? Aliyekwenda hujibu kabla swali halijaisha, tena husimulia na mengine: mwenyekiti wa kitongoji aliyetaka barua yenye muhuri, dodoso lililolowa mvua, mama aliyemjibu huku akipepeta mchele.

Muhula uliopita alimwita kijana mmoja ambaye ripoti zake zote mbili zilikuwa safi, ya kwanza mbili, ya pili sifuri. Akafungua ukurasa wa 31, akaweka kidole juu ya neno "triangulation".

"Hili, kijana wangu, ulilitumiaje?"

Kijana akalitazama neno lile kwa muda, kama mtu anayemtazama mgeni aliyemkuta sebuleni kwake.

"Dokta," akasema, "hilo naomba nikaliangalie."